Haki Yataka Kumbukumbu ya Kweli

Ndugu msomaji, tangu kale wenye hekima hufundisha ya kuwa haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Ulpianus, mwanasheria wa Roma ya kale, alifundisha hivyo; na wazee wetu barazani walijua hivyo pasipo kusoma vitabu vyake. Neno hilo ni jepesi kulitamka. Lakini tujiulize: nitajuaje kilicho cha fulani? Nyumba yake imeanguka. Je, ilianguka kwa mvua au kwa mzinga? Mtoto wake amekufa. Nani alimwua, na siku gani? Asiyejua yaliyotukia hawezi kutenda haki, hata akiwa na moyo mwema. Basi haki husimama juu ya kumbukumbu, kama nyumba isimamavyo juu ya msingi wake.

Tena mtu mmoja husahau, huzeeka, hufa. Ndiyo maana watu wamejiwekea mabaraza, korti, mifuko na vyama, vyenye vitabu na mashahidi. Leo tutazame namna vyombo hivyo vichunguzavyo mambo yaliyopita ili vipate kugawa haki. Mfano wetu tutautwaa katika mji wa Kisangani.

Kuhesabu wafu

Toka tarehe 5 hata tarehe 10 Juni 2000, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalipigana ndani ya Kisangani. Yote mawili yalikuwa majeshi ya kigeni katika nchi ya Kongo. Mizinga iliangukia nyumba za raia, shule na hospitali. Hata kanisa kuu la Notre-Dame liliharibiwa. Vita hivyo vyaitwa Vita vya Siku Sita.

Je, walikufa raia wangapi? Wajumbe wa Umoja wa Mataifa waliokuja mwaka ule ule kupima hasara walisema kwamba raia waliokufa walizidi 760. Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti kubwa juu ya maovu yaliyotendwa Kongo tangu 1993 hata 2003. Ripoti hiyo iliandika kwamba raia waliouawa katika vita vile walikuwa kati ya 244 na 760, na waliojeruhiwa walizidi 1,000.

Pengine msomaji atasema: "Hesabu hazipatani, basi wote ni waongo." Asihukumu kwa haraka. Mchunguzi aliyepata habari mbili zisizolingana, wala hana njia ya kujua ipi ndiyo kamili, afanye nini? Akichagua moja kwa kuipenda tu, amedanganya. Akiandika zote mbili, amesema kweli kadiri aijuavyo. Kukiri mpaka wa ujuzi wako si aibu. Ni sehemu ya haki.

Lakini kuna jambo la pili, nalo ni zito. Kati ya 244 na 760 wamo watu 516. Hao si kosa la hesabu. Ikiwa walikufa, kila mmoja alikuwa na mama, na jina, na mahali pake pa kulala. Jina lisipoandikwa, haki haijui njia ya kufika nyumbani kwake. Hapo twaona ya kuwa uvivu wa kuandika waweza kuwa dhuluma.

Kupima hasara

Serikali ya Kongo ilipeleka mashtaka mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, iliyoko La Haye katika nchi ya Uholanzi. Tarehe 19 Desemba 2005 Mahakama iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria ya mataifa, nayo yapaswa kulipa. Serikali hizo mbili zikashindwa kupatana juu ya kiasi, kesi ikarudi kortini. Hukumu ya malipo ilitolewa tarehe 9 Februari 2022, miaka zaidi ya 21 baada ya vita.

Fikiri ugumu wa mahakimu. Wangedai kila mjane alete karatasi ya kifo, wengi wangetoka mikono mitupu, kwa kuwa vita huteketeza hata karatasi. Wangekubali kila neno pasipo ushahidi, wangemdhulumu mlipaji, maana hata mkosaji ana haki ya kutotozwa asilotenda. Kongo iliomba zaidi ya dola bilioni 11. Mahakama haikukubali kiasi hicho, wala haikukataa yote. Iliweka malipo ya jumla, dola milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu walioumizwa na kuuawa, milioni 40 kwa ajili ya mali, na milioni 60 kwa ajili ya utajiri wa nchi ulionyang'anywa. Uganda iliamriwa kulipa kwa mafungu matano, kila mwaka dola milioni 65, tangu 2022 hata 2026. Na fedha hizo si za Kisangani peke yake. Wamo pia watu wa Ituri na wa mahali pengine.

Kugawa kwa haki

Fedha zikiisha kulipwa, kazi haijaisha. Serikali ya Kongo imeweka mfuko uitwao FRIVAO, wenye makao yake Kisangani, ili ugawe malipo hayo. Hapa ndipo swali letu lakaza. Tulichunguze kwa maswali na majibu.

Je, kugawa sawasawa ndiko kugawa kwa haki?
Sivyo daima. Aliyevunjikiwa dirisha na aliyepoteza mguu wakipewa kiasi kimoja, mizani imepinda.

Je, mwenye karatasi apewe, na asiye nayo aachwe?
Hapana. Karatasi ni shahidi mzuri, bali si shahidi pekee. Yule ambaye nyumba yake iliungua pamoja na karatasi zake aliumia kuliko aliyebaki nazo. Jirani walioona waitwe, waulizwe mmoja mmoja, maneno yao yalinganishwe.

Je, tumhurumie hata asemaye uongo ili apate?
Hapana. Chungu ni kimoja. Ajiandikishaye pasipo kuumia hatwai mali ya serikali ya kigeni. Atwaa chakula cha mjane.

Je, wagawaji wafiche vitabu vyao?
Hapana. Majina yasomwe mbele ya watu, na hesabu zionekane. Mgawaji mwaminifu hapotezi kitu kwa kutazamwa.

Mlango uliofungwa

Mtu atauliza: "Na yule aliyeuawa kwa mzinga wa jeshi la pili?" Swali hilo latuumiza. Kongo iliishtaki Rwanda pia, lakini tarehe 3 Februari 2006 Mahakama ilijibu kwamba haina mamlaka juu ya kesi ile, kwa kuwa Rwanda haikukubali kuhukumiwa nayo. Basi majirani wawili walizikwa juma moja, na mmoja tu ana korti. Lakini korti kufunga mlango si kusema kwamba tendo halikutendwa. Tarehe 16 Juni 2000 Baraza la Usalama, katika azimio lake 1304, lilisema kwamba serikali zote mbili zapaswa kulipa hasara ya watu wa Kisangani. Neno hilo limeandikwa, halifutiki. Pale haki isipoweza kufika, kumbukumbu na imlindie mahali pake.

Wengine watatuambia: "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Methali hiyo ni njema, bali tuangalie nani aitamka. Ikitoka kinywani mwa aliyeumizwa, ni msamaha, na msamaha ni wake kuutoa. Ikitoka kinywani mwa aliyeumiza, ni kukwepa deni. Tena hata asameheye apaswa kujua anasamehe nini.

Yatupasayo

Usidhani, ndugu, kwamba mambo haya ni ya mahakimu tu. Korti kubwa husimama juu ya maneno ya watu wadogo: mama aliyeona, mvuvi aliyezika, mwalimu aliyeandika. Basi kila mmoja ajifunze kutenga "niliona" na "nilisikia". Asiongeze hesabu ili kuvuta huruma, wala asipunguze kwa hofu. Aandike majina ya wafu wa jamaa yake pamoja na tarehe, na mahali walipozikwa, akayaweke mahali pawili.

Katika kila chama chetu, hata katika likelemba ya watu kumi, kuwe na kitabu, na mashahidi wawili, na siku ya kukifungua mbele ya wote. Anayezoea kuwa mkweli juu ya faranga mia moja ataweza kuwa mkweli juu ya damu ya mtu.