Mtafute Hadi Umwone

Wapendwa katika Kristo, ninyi mlioko kusini mwa Pemba, Mkoani na Mtambile, Kengeja na Mwambe: neno hili ni lenu kwanza. Wengine nao walisome, maana hakuna kisiwa wala mji ambako halina mwenyewe.

Tunajua tulivyo wachache. Kisiwa hiki ni cha Waislamu tangu karne nyingi, na Mkristo wa Kengeja aghalabu ni mtu aliyeletwa na barua ya uhamisho. Ni mwalimu, muuguzi, polisi, au fundi aliyefuata kazi ya ujenzi. Anashuka bandarini Mkoani na begi lake, anapanda gari, anateremka Kengeja jioni, na hamjui hata mtu mmoja. Jumapili inamkuta ameketi kitandani, kwa sababu jengo la kanisa liko mbali na nauli ya kwenda na kurudi ndiyo fedha yake ya mboga. Majuma ya mwanzo anaimba peke yake, kwa sauti ya chini asiwasumbue wenye nyumba. Baadaye haimbi. Ukimuuliza mwisho wa mwaka atakwambia bado ni Mkristo, naye atakuwa anasema kweli, lakini Biblia yake utaikuta chini kabisa ya sanduku.

Nani aliyemzima mtu huyu? Hakuna mtesi hapa. Hakuna aliyemfukuza, hakuna aliyemtukana. Majirani zake wamemsalimu kila asubuhi na kila jioni kwa adabu ya Kipemba. Tumemzima sisi, ndugu zake wa imani, kwa kutokwenda!

Andiko la Waebrania 10:25 tumelizoea, lile la kutoacha kukusanyika. Sisi wahubiri tunalipenda mno, linajaza viti. Lakini rudini nyuma mstari mmoja tu. Kabla ya kusema habari ya mikutano, mwandishi anataka tuangaliane, tumjue huyu ana nini na yule amepungukiwa na nini, ndipo tuamshane katika upendo na katika kazi njema. Sasa utamwangaliaje mtu usiyefika kwake? Utamtia moyo kwa habari gani, kama hujui hata mlango wake umeelekea wapi?

Nitawapa jina la mtu mmoja ambaye hatumtaji sana. Ni Onesiforo. Mistari yake haizidi mitatu, 2 Timotheo 1:16-18, na salamu kwa nyumba yake mwishoni mwa waraka uleule. Paulo yuko Roma, amefungwa minyororo, na wengi wa Asia wamemwacha. Kufahamiana na mfungwa wa Kaisari wakati ule kulikuwa ni kujitafutia kesi. Onesiforo alikuwa mtu wa Efeso, ana nyumba yake na watu wake, na kati ya Efeso na Roma kuna bahari. Akavuka. Akafika katika mji mkubwa kuliko yote ya zama zake, hana ramani, hana simu, hana wa kumwelekeza, akaanza kuuliza. Waraka unaonyesha kwamba alimtafuta Paulo kwa bidii mpaka akamwona. Fikirini kazi hiyo! Ni kuuliza askari, kutazamwa kwa shaka, kuambiwa "huyo hatumjui", kulala, na kuamka kuuliza tena.

Alipomwona alimwambia nini? Hatujui. Hakuna hata sentensi moja ya Onesiforo iliyoandikwa. Paulo, bingwa wa maneno, amekumbuka kwamba mtu huyu alikuja, alikuja zaidi ya mara moja, wala hakuionea haya minyororo yake. Ndugu, kumtia mtu moyo ni safari kabla ya kuwa hotuba. Ukishafika, hata ukiwa bubu, nusu ya kazi imekwisha.

Tena kisiwa chetu chenyewe kina ushahidi wa jambo hili. Tarehe 6 Aprili 1897 Sayyid Hamoud bin Mohammed alitoa amri iliyouondolea utumwa nguvu ya kisheria Unguja na Pemba. Pemba ilikuwa na watumwa wengi wa mashamba, hasa tangu kimbunga cha 1872 kilipoangusha mikarafuu ya Unguja na uzito wa karafuu ukahamia huku. Lakini amri ile haikwenda shambani kumwita mtu. Aliyetaka uhuru ilimpasa aende mwenyewe akaudai mbele ya mahakama. Akishaupata, anatoka nje na karatasi mkononi, hana shamba, hana nyumba, hana ukoo, maana wengi walinyakuliwa bara wangali watoto. Yuko huru, na hana kwa kwenda.

Mwaka huohuo wa 1897 Marafiki wa Uingereza, watu wa kanisa lile ambalo Kenya linajulikana kwa Kaimosi, walikuja Pemba wakiwa na Theodore Burtt, wakafungua misheni katika shamba la Banani, karibu na Chake Chake. Waanglikana wa misheni ya UMCA nao wakajenga Wete. Sitawapamba wamisionari kupita kipimo. Lugha yao ya kumfundisha Mwafrika kazi inanikera mpaka leo, kana kwamba aliyelima karafuu maisha yake yote chini ya kiboko alihitaji kufundishwa jembe. Hata hivyo jambo moja waliliona sawasawa. Waliona kwamba aliyetoka mahakamani na hati yake hafai kuachiwa neno la pongezi akaenda zake. Anahitaji mahali pa kulala leo, kazi ya ujira kesho, na watu wa kukaa nao. Kanisa la kwanza la kisiwa hiki lilianza kwa watu waliopokewa. Sisi tunaokalia viti vyao tumejifunzaje kupita mlangoni kwa mtu bila kubisha?

Hata katika siku zetu, Pemba imeona kufika ni nini. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I, iliyojaza watu kupita kiasi, ilizama katika mkondo wa Nungwi ikija huku. Waliosalia walikesha majini wakishikilia magodoro na chochote kilichoelea. Kulipopambazuka, miongoni mwa waliowafikia kwanza walikuwamo wavuvi na watu wa boti wa Nungwi, na hawakuanza kwa kumuuliza mtu kabila lake wala dini yake. Walinyoosha mikono. Nyumba kwa nyumba kisiwani hapa kulikuwa na kilio, na palipokuwa na kilio palikuwa na majirani.

Tazameni pia msimu wa karafuu. Mavuno yameanikwa juu ya majamvi, uani na kando ya barabara, na mwenyewe pengine yuko juu ya mkarafuu au ameshuka mjini. Wingu likipiga weusi ghafla, aliye karibu anakimbia kuanua. Hasemi, "Ngoja kwanza nijue jamvi hili ni la nani." Karafuu ikishanyeshewa imeharibika, na mwenyewe akirudi hapatakuwa na la kusema ila pole. Kanisa letu, wapendwa, limekuwa hodari sana wa kusema pole. Nataka liwe hodari wa kuanua.

Sasa niseme linalouma. Mara ngapi mwenzetu ameugua, akalazwa Mkoani katika Hospitali ya Abdalla Mzee, na mtu wa kwanza kumpelekea uji akawa jirani yake Mwislamu? Mama mwenye nyumba wake, asiyejua hata wimbo mmoja wa kanisani, ndiye aliyemfulia kanga na kumshikia mtoto. Sisi tulipata habari siku ya nne, tukatuma ujumbe wa simu wenye picha ya mikono iliyokunjwa. Mungu ambariki mama yule! Namshukuru, na ninyi mshukuruni. Lakini tuone haya. Bwana Yesu alipotaka kutufundisha jirani ni nani, alimchukua Msamaria, mtu wa imani nyingine machoni pa wasikilizaji wake, akamwonyesha akifanya ambalo kuhani na Mlawi walilipita. Sikudhani kwamba mfano ule ungekuja kusomwa Kengeja na sisi tukiwa ndio kuhani na Mlawi.

Mtaniuliza: tukishafika, tuseme nini? Semeni kidogo. Wale rafiki watatu wa Ayubu tunawalaumu, na wanastahili lawama, ila siku saba za kwanza walifanya vizuri kuliko wengi wetu: walikaa naye chini, wakanyamaza, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa. Waliharibu walipofungua vinywa kumweleza sababu. Acheni kumweleza mfiwa sababu. Acheni kumwambia mwalimu ambaye malimbikizo ya mshahara wake yamechelewa kwamba Mungu anamfundisha uvumilivu. Wewe mshahara wako umeingia!

Kumbukeni na Eliya chini ya mretemu, 1 Wafalme 19. Nabii amechoka hata anaomba kufa. Malaika anayekuja hamkemei, wala hamsomei mistari. Anamgusa, anampa mkate na maji, anamwacha alale tena, kisha anarudi na kumlisha mara ya pili. Maneno yalikuja baadaye sana, kule Horebu, tena kwa sauti ya utulivu. Kama mbingu zilianza na mkate, wewe unaanzaje na mahubiri?

Tena watu hawafanani. Paulo katika 1 Wathesalonike 5:14 anatenga vizuri: yupo anayekwenda ovyo, huyo anaonywa, yupo aliyekata tamaa, huyo anatiwa moyo, yupo mnyonge, huyo anashikwa mkono, na wote wanavumiliwa. Tunakosea dawa. Tunamkaripia aliyekata tamaa na kumbembeleza mkorofi. Mwenzako haonekani ibadani miezi mitatu, nawe umeshaamua kwamba amerudi nyuma, kumbe mke wake yuko bara na ujauzito wa shida, na kila senti yake inakwenda huko. Ungejua, kama ungekwenda.

Na huduma hii si ya wachungaji. Kwa eneo lililotawanyika namna hii, mwinjilisti mmoja hawezi kuwa kila mahali. Yeye mwenyewe pengine ndiye aliyechoka kuliko wote, na hakuna amwulizaye amekula nini. Musa mikono ilimlegea, na waliosimama kumshika ni Haruni upande huu na Huri upande huu hata jua likachwa. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa AMECEA, walipokutana Nairobi, waliweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa ndiyo njia ya kujenga kanisa la Afrika Mashariki, ili imani ishuke mpaka nyumbani kwa mtu, kwa majirani wanaojuana majina na shida. Azimio lile ni zuri, na kwetu linafaa kuliko kwa wenye makanisa makubwa. Kengeja jumuiya yenu huenda ikawa watu watatu: Mkatoliki mmoja, Mlutheri mmoja, Mpentekoste mmoja. Kaeni pamoja hivyohivyo! Mambo ya ubatizo na kipaimara mtayazungumza mkiwa mmeshiba. Mmoja wenu akiwa na homa, hakuna dhehebu la homa.

Najua woga wenu pia. Wapo wanaofikiri kwamba kukusanyika kwetu kutawakwaza wenyeji. Ndugu, Mpemba anamheshimu anayemheshimu. Nendeni kwa staha, vaeni kwa staha, salimieni wazee, msipige kelele wala msifanye nyumba ya mgonjwa kuwa uwanja wa mkutano. Jirani akiwaona mmekuja kumzuru mwenzenu na kapu la mchele, atawaelewa mara moja, maana ndivyo na yeye afanyavyo. Kinachomshangaza ni kuona mtu ana ndugu wa imani na hawaji.

Basi, uliyeshika karatasi hii, yupo mtu ambaye jina lake limekujia tangu ulipoanza kusoma. Usimwombee kwanza, utamwombea njiani. Panda gari Jumapili hii, chukua mchele, chukua sukari, na kama una nauli ya ziada mchukue na mwenzako mmoja. Ukimkosa nyumbani, uliza jirani. Wakikwambia amehama, uliza amehamia wapi, ufuate huko. Ukimkosa na huko, rudi tena juma lijalo.