Kufukua ili Kujua

Mwishoni mwa Aprili, kwenye malisho ya Sardinia, nilipiga magoti mbele ya mmea wa klova nikiwa na fomu ya utafiti mkononi. Mashina yenye manyoya yalitambaa chini, kila jani lina sehemu tatu zenye umbo la moyo, maua ni meupe, machache. Nilidhani ni Trifolium subterraneum. Lakini fomu haitaki dhana.

Klova hii ina tabia ya pekee. Ua likishachavushwa, kikonyo chake huinama kuelekea ardhini. Maua tasa hugeuka kama kulabu kuzizunguka mbegu, na kifundo kizima huzama udongoni. Jina alilolitumia Linnaeus mwaka 1753 linasema hivyo hivyo: klova ya chini ya ardhi. Basi ili niwe na hakika, ilinibidi nifukue kile ambacho mmea umeishi msimu wake mmoja ili ukizike.

“Ni mmoja tu,” wenzangu walisema. “Kiangazi kikifika utakauka wenyewe.” Kweli, si mmea adimu, wala sidhani unahisi maumivu. Ila hoja ya “mmoja tu” hutumiwa na kila anayeng’oa. Tena kukauka si hasara kwa mmea ulioacha mbegu. Hasara ni kukauka bila kuziacha.

Hata hivyo, kutojua nako kuna madhara. Nchini Australia, katika miaka ya 1940, kondoo waliolishwa baadhi ya aina za klova hii walipata utasa, kwa sababu ya kemikali zinazofanya kazi kama homoni ya kike. Asiyezitofautisha aina hizo, gharama huilipa mfugaji.

Kwa hiyo sikubali kwamba kufukua ni kosa siku zote. Nauliza tu: jibu litamfaa nani?

Nilifukua kifundo kimoja, nikakuta mbegu tatu, nikaandika jina, nikazifukia. Hatua chache mbele palikuwa na klova nyingine zilizofanana na ile. Hapo niliandika “Trifolium” pekee, jina la pili nikaliacha wazi.

Msimamizi aliniuliza sababu. Nilimjibu kwamba swali la malisho yale lilikwisha kujibiwa. Pale ningefukua kwa ajili ya fomu tu. Alinikata alama. Naona alikuwa na haki ya kukata, nami nilikuwa na haki ya kuacha.