Fimbo ya Mbali

Laptopu niliyoituma Ujerumani haikuwa mbovu. Nilisema hivyo mara tatu pale kaunta, maana dada aliyekuwa akijaza fomu hakuelewa kwa nini mtu alipie karibu nusu ya bei ya mashine ili aipeleke kwa mtu asiyewahi kumwona. "Ni ndugu yako?" Hapana. "Umemuuzia?" Hapana. Mwishowe akaandika "zawadi" na kugonga muhuri.

Niliinunua Kariakoo, mtumba wa Ulaya. Nilipoweka Linux, spika zikawa bubu. Ukichomeka hedifoni unasikia vizuri. Kilichokosekana ni draiva kamili, yaani kile kipande cha programu kinachouelekeza mfumo endeshi namna ya kuzungumza na kifaa. Kwenye sauti tatizo hili lina uchokozi wake. Chipu moja huweza kutumika katika modeli nyingi, na kila mtengenezaji akaunganisha nyaya zake anavyopenda. Chipu inajulikana. Kisichojulikana ni njia ipi inakwenda kwenye spika. Mtengenezaji anajua, hajasema.

Kijana mmoja wa huko Ujerumani, anayeandika draiva hizi jioni baada ya kazi yake, alikubali tujaribu kwa mbali. Anatuma mabadiliko, naweka, nawasha upya, nasikiliza kimya, namwandikia "bado". Wiki tatu. Kisha akaniambia kwa upole kwamba angekuwa na mashine yenyewe mezani, kazi ingekuwa nyingine.

Shida ni kwamba nilishaiahidi. Nilipoanza shahada ya uzamili nilipata laptopu nyingine, na hii ilikuwa ya mdogo wangu, binti wa mama mdogo, aliyekuwa akiingia mwaka wa kwanza chuoni. Yeye spika hazikumhusu. Alitaka mashine ya kuandikia. Mama aliposikia akanipigia simu.

"Mwanangu, fimbo ya mbali haiui nyoka. Huyo Mzungu wako atakufaa nini siku ukiugua?"

Nikamjibu kwamba methali yake inanitetea mimi: nyoka yumo ndani ya laptopu, fimbo iko Ujerumani, ndiyo maana lazima vikutanishwe. Mama akanyamaza kidogo.

"Mimi nimekuuliza habari za mdogo wako."

Mwaka 1972 mwanafalsafa Peter Singer alichapisha makala akidai kwamba umbali haupunguzi wajibu: anayeteseka nchi nyingine ana haki kwako kama mtoto anayezama mbele ya macho yako. Nilimtumia Singer kama watu wanavyotumia wakili. Nilishaamua, nikatafuta wa kunitetea. Hesabu ilikuwa upande wangu. Nikimpa mdogo wangu, ananufaika mmoja. Draiva ikishaingia kwenye Linux haipungui kwa kutumiwa, na katika mji kama wetu, ambako mashine zilizochokwa na ofisi za Ulaya huja kuanza maisha ya pili, wenye modeli ile si wachache. Lakini Singer alikuwa akizungumzia njaa, mimi nazungumzia spika. Tena hao wenye modeli ile hawana majina. Hakuna atakayenipigia usiku kuniomba bando. Nadhani ndiyo sababu ilikuwa rahisi kuwapenda.

Jambo jingine lilinikera kuliko hilo. Mradi wa OpenBSD huchapisha orodha ya vifaa ambavyo waandishi wake wa programu wanavihitaji, ili mwenye navyo atoe. Mradi huohuo hukataa kusaini mikataba ya usiri ili upewe nyaraka za vifaa. Mwanzoni niliuona huo ni ukaidi: unapokea mashine kutoka mkononi mwa mwanafunzi, unakataa karatasi kutoka kiwandani? Baadaye nikaelewa kwamba mashine haimfungi mtu mdomo. Utakachokigundua ndani yake unaweza kumsimulia yeyote. Hata hivyo, kila laptopu inayotolewa hivi inalipa deni ambalo si la mtoaji. Kampuni imeshauza na faida imeshaliwa; mimi nalipia kifurushi, kijana wa watu anakesha bila mshahara, yote kutafuta jibu lililolala kwenye kabati la mtu. Ningegoma? Ningemgomea nani? Modeli yenyewe iliacha kuuzwa mpya zamani.

Marekebisho yalikuja baada ya miezi mitano. Nilifungua msimbo nikitarajia kitu kikubwa. Ilikuwa mistari michache tu. Miezi yote hiyo mdogo wangu alikuwa akiandika kazi zake kwa mkono, kisha anapeleka steshenari kuchapiwa, akilipa kwa ukurasa. Hakulalamika hata siku moja. Heri angelalamika.

Mwezi uliopita nilipita Kariakoo nikaiona modeli ileile juu ya meza ya duka. Nikamwomba muuzaji nijaribu fleshi yangu yenye Linux mpya. Nikacheza wimbo, spika zikalia mpaka wateja wa duka la pili wakageuka.

"Nzima hiyo, bosi," muuzaji akasema, kama vile niliwahi kumbishia.

Nikamuuliza bei. Imepanda tangu niliponunua yangu. Nikavuta kiti, tukaanza kupatana.