Ya Kale Hayanuki? Maadili ya Kukusanya Wanasesere wa Mashujaa na Waovu

Mnamo mwaka 1985, kampuni ya Mattel ya Marekani ilitoa mwanasesere aitwaye Stinkor, mmoja wa waovu wa mfululizo wa Masters of the Universe ulioanza kuuzwa mwaka 1982. Umbo lake ni la mnyama mithili ya kicheche na silaha yake ni uvundo. Ili uovu huo usibaki jina tu, watengenezaji walichanganya mafuta ya pachuli katika plastiki yenyewe, na baadhi ya wanasesere hao wangali wakinuka hadi leo. Wahenga walinena kuwa ya kale hayanuki. Huyu ananuka, na watu wazima humtafuta kwa sababu hiyo hiyo. Makala haya yanadhamiria kuchunguza swali la kimaadili linalotokana na utafutaji huo: je, mtu mzima anayenunua mwanasesere wa zama za utoto wake huukumbuka utoto huo, au hujaribu kuumiliki?

Yafaa kwanza kuzingatia suala la jina. Hasbro ilipotoa G.I. Joe mwaka 1964, iliepuka kumwita mwanasesere kwa kuchelea kuwa wavulana wangemkataa, ikabuni istilahi iliyosisitiza kutenda. Kiswahili nacho kina maneno mawili yenye uzito tofauti. Mwanasesere hubebwa, huvishwa, huangushwa na huvunjika. Sanamu husimamishwa, hutazamwa na pengine huabudiwa. Hoja ya msingi hapa ni kwamba mkusanyaji, pasi na kukusudia, humgeuza mwanasesere kuwa sanamu.

Utetezi wa kawaida wa mkusanyaji ni kumbukumbu. Hata hivyo, utetezi huo hautoshelezi pale anapotafutwa mwanasesere adimu. Chukua mfano wa Super Powers Collection, mfululizo wa Kenner uliouzwa kati ya mwaka 1984 na 1986. Miongoni mwa waliotolewa mwishoni ni Golden Pharaoh, mhusika asiyetokana na vitabu vya vibonzo vya DC bali aliyebuniwa kwa ajili ya mfululizo wenyewe. Kwa jumla, wanasesere wa awamu za mwisho huwa adimu leo kwa kuwa walinunuliwa na wachache wakati hamu ya watoto ilipokuwa imepungua. Hivyo basi, uadimu huo ni ushahidi kwamba watoto wengi wa wakati ule hawakuwa naye. Mtu hawezi kukumbuka kumchezea yule ambaye hakumchezea. Kinachoitwa kumbukumbu, katika hali hii, ni tamaa ya kuujaza utoto kwa vitu ambavyo haukuwa navyo.

Yawezekana kupinga kuwa tamaa hiyo si dhambi. Mtoto aliyesimama mbele ya dirisha la duka na kurudi nyumbani mikono mitupu ana haki, akiisha kuwa na mshahara wake, ya kuliziba pengo hilo. Pingamizi hili lina uzito, na mhakiki anayelicheka hajui kunyimwa. Lakini pengo lenyewe ni lipi? Mtoto yule hakukosa plastiki tu. Alikosa alasiri ya kucheza, sakafu ya kuchezea na mwenzake wa kugombana naye juu ya nani ashinde. Mambo hayo hayauzwi pamoja na mwanasesere.

Hapa ndipo soko linapoufichua ukinzani wa jambo zima. Bei ya juu zaidi hutolewa kwa mwanasesere ambaye kisanduku chake hakijafunguliwa, yaani yule ambaye hakuna mtoto aliyewahi kumgusa. Mchezo huenziwa kwa kukilipia kile ambacho hakikuchezewa. Baudelaire, katika insha yake ya mwaka 1853 kuhusu vitu vya kuchezea, alimtazama mtoto anayekivunja kitu chake akiitafuta roho iliyomo ndani. Mkusanyaji huihifadhi roho hiyo kwa sharti kwamba isitafutwe. Naye Walter Benjamin, katika insha ya mwaka 1931, aliutetea umiliki kuwa uhusiano wa ndani kabisa kati ya mtu na vitu. Isisahaulike, hata hivyo, kwamba Benjamin aliandika kuhusu kuyafungua masanduku ya vitabu vyake.

Anayepoteza zaidi katika kufungiwa huku ni mwovu. Mtoto anapocheza, hana budi kumsemea mwovu pia, amtafutie sababu, na mara nyingine amwache ashinde. Kwa njia hiyo hujifunza kuwa uovu una sauti inayoweza kutoka katika kinywa chake mwenyewe. Ndani ya kisanduku, hukumu iliyochapishwa kwenye kadi haikatiwi rufaa.

Aidha, tamanio la jana huwasahau walioiumba jana hiyo. Jack Kirby, aliyefariki mwaka 1994, alibuni wahusika wengi mashuhuri pasipo kuwa na haki ya kuwamiliki, na ni katika mradi wa Super Powers ndipo alipopata malipo ya mrabaha kwa kuwachora upya baadhi yao, akiwemo Darkseid. Mikono ya wafanyakazi wa viwanda vya Hong Kong na Taiwan, walikotengenezewa wanasesere wengi wa zama hizo, haina jina hata moja. Mkusanyaji anayeweza kutaja mwaka wa kila kalibu bila kuuliza juu ya mikono hiyo anajua mengi kuhusu kitu na machache kuhusu historia yake.

Makala haya hayahukumu ukusanyaji wenyewe. Yanapendekeza kigezo: kitu kilichohifadhiwa bado kina nafasi ya kuzungumza na mtu, au kimenyamazishwa ili kipande bei? Methali iliyotangulia kutajwa hutuliza ugomvi kwa kuacha yaliyopita yapite. Anayechagua kuyarudia hana budi kuvumilia harufu yake. Stinkor hawezi kunusika hadi kisanduku kifunguliwe, na siku kinapofunguliwa thamani yake sokoni huporomoka. Hasara hiyo ndiyo ada ya kumbukumbu, na asiyekuwa tayari kuilipa angali nje ya dirisha la duka.