Jembe ni la nani, na mkono ni wa nani?



Kila alfajiri tunawaona mama zetu wa Kabare na Walungu wakiingia Bukavu na mizigo mgongoni: maharagi, muhogo, sombe. Nyuma ya kila mzigo kuna jembe. Leo tujiulize: chombo kikirahisisha kazi, kinampumzisha nani?

Wazee wa karne ya 19 waliijua nguvu ya jembe la chuma. Mahali palipokosa chuma, watu walilima kwa mti uliochongwa. Wahunzi wa Usumbwa, upande wa kusini-magharibi wa ziwa Victoria, waliyeyusha mawe ya chuma kwa moto wa makaa, wakafua majembe yaliyouzwa mpaka Tabora. Mapori yakafunguliwa, mashamba yakapanuka, hata mahari ikalipwa kwa majembe. Hiyo ilikuwa baraka.

Lakini tazameni. Katika miaka ile ile Wanyamwezi wengi walikuwa safarini, wakipeleka pembe za ndovu pwani, na wenye mali wakanunua watumwa wa kuwalimia. Jembe lile lile lililoleta chakula likatiwa katika mkono wa mfungwa.

Ng'ambo ilikuwa vivyo hivyo. Huko Marekani, mwaka 1793, Eli Whitney alitengeneza mashine ya kutenga pamba na mbegu zake. Ilifanya kazi ya mikono mingi. Je, watumwa walipumzika? Hapana. Mabwana walitamani mashamba makubwa zaidi. Watumwa, waliokuwa karibu 700,000 mwaka 1790, wakafika karibu milioni 4 mwaka 1860.

Basi wengine wakisema, «Trakta ikifika, taabu itakwisha», tuwajibu: taabu itakwisha kwa nani? Chuma hakina moyo. Moyo ni wetu.

Tusiwahukumu wa kale peke yao. Nyumbani mwetu, nani analima, na nani anashika pesa ya mavuno? Mama amelima, amebeba, amepika bugali, kisha anakula wa mwisho. Lakini mtume Paulo alimwandikia Timotheo kwamba mkulima mwenye kutaabika ndiye anayestahili kupata fungu lake kwanza.

Baba, kumnunulia mama jembe jipya ni vema. Ni vema zaidi kununua mawili, kwenda naye shambani, na jioni kuhesabu pesa pamoja.

Bwana aibariki kazi ya mikono yetu sote. Amina.