Nani Mwenye Picha ya Maskini?

Kando ya mto Foss, katika mji wa York huko Uingereza, palikuwapo mtaa uitwao Hungate. Walikaa humo vibarua, wachukuzi, watu wa kinu kikubwa cha unga kilichosimama karibu na maji, na wanawake waliofua nguo za wengine ili wapate kula. Nyumba zilibanana, unyevu ulipanda ukutani, na mara kwa mara mto ulifurika ukaingia ndani. Katika miaka ya 1930 wakuu wa mji waliazimu kuubomoa mtaa huo na kuwahamisha watu wake. Lakini kabla ya nyundo kufika alitangulia mpiga picha. Idara ya Afya ilitaka ushahidi kwamba nyumba zile hazifai kukaliwa na binadamu, na ushahidi ukapatikana: ua baada ya ua, uchochoro baada ya uchochoro, vyoo vya nje na kuta zilizoliwa na maji.

Sasa, mpiga picha aliyetumwa kupiga ukuta hawezi kumfukuza mwenye ukuta. Kwa hiyo katika picha za namna hii twamwona mara nyingi mtu amesimama mlangoni: mama aliyefunga aproni, watoto wawili watatu wanaoukodolea macho mtambo, mzee aliyetoka kuona kuna nini. Hawakualikwa wala hawakufukuzwa. Ofisi ilikuwa na haja na nyumba, wala si na wao. Ndiyo maana tunajua ua ule ulikuwa upi, wala hatujui mama yule alikuwa nani.

Leo picha hizo zimetunzwa kwa uangalifu, na wajukuu na vitukuu wa watu wa Hungate wanazitafuta kwa hamu kubwa. Karatasi iliyopigwa ili nyumba ya bibi ihukumiwe imekuwa kumbukumbu ya bibi mwenyewe. Hapo ndipo swali letu linapozaliwa, na twamwomba msomaji asilidharau kwa kuwa linahusu wafu wa nchi ya mbali. Sura ya maskini aliyepigwa picha bila kuulizwa ni mali ya nani? Ni ya ofisi iliyolipa gharama? Ni ya mjukuu wake? Au bado ni yake, ingawa amekwisha kufa?

Hebu kwanza tuwe wa haki kwa wapiga picha. Hawakuwa na nia moja. Katika mji uo huo wa York aliishi daktari mmoja, William Evelyn, aliyefariki mwaka 1935. Yeye alikusanya picha za mitaa na majengo ya kale, akawa anazimulika ukutani kwa taa mbele ya watu huku akiwahutubia, ili wenye mji waone aibu kubomoa urithi wao. Basi mmoja alipiga picha ili jengo liokolewe, mwingine ili libomolewe. Na katika picha za wote wawili maskini aliingia kwa bahati tu, kama kuku anayekatiza njia. Hatusemi kwamba halmashauri ilifanya vibaya kubomoa. Mtu ambaye hajalala katika chumba chenye maji ukutani asiwe mwepesi kulilia matofali ya zamani.

Tena zipo hesabu zinazotuzuia tusijidanganye. Mwaka 1899 Seebohm Rowntree, wa ukoo wenye kiwanda mashuhuri cha kakao na chokoleti mjini humo, aliamuru uchunguzi wa nyumba kwa nyumba. Familia 11,560 za watu wa kazi zilichunguzwa, na kitabu chake kikatoka mwaka 1901. Aliona kwamba watu 20,302, yaani zaidi ya robo ya wakazi wote wa mji, waliishi katika umaskini. Wengi wa matajiri wa wakati ule walisadiki kwamba maskini ni mlevi au mvivu. Rowntree alikuta kwamba katika wale waliokosa hata mapato ya kutosha mahitaji ya mwili, zaidi ya nusu walikuwa katika nyumba ambazo baba alikuwa na kazi ya kudumu, ila mshahara haukutosha. Akaandika jambo jingine lililo zito kuliko hilo. Katika sehemu maskini kuliko zote za mji, kati ya watoto 1,000 waliozaliwa, 247 walikufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Katika nyumba zilizoweza kuajiri watumishi walikufa 94.

Msomaji ashike hesabu hiyo kisha aitazame tena picha ya watoto mlangoni, hasa zile za zamani, za mwanzo wa karne ya 20. Wale ni waliosalia. Wapo ndugu zao wasioonekana.

Na hata hivyo, wazee waliozaliwa Hungate walipoulizwa habari zake miaka mingi baadaye, hawakusimulia huzuni peke yake. Walisimulia milango isiyofungwa, jirani aliyeleta mchuzi mama alipojifungua, michezo ya uchochoroni, na uchungu wa kutawanyika walipohamishwa. Je, walisema uongo? La hasha. Wala Rowntree hakusema uongo. Hesabu inaeleza walichonyimwa. Kumbukumbu inaeleza walichojitengenezea wenyewe juu ya hicho walichonyimwa. Kosa ni kuchukua moja na kuitupa nyingine. Anayebaki na hesabu tu huona kundi la watu wa kuhurumiwa. Anayebaki na kumbukumbu tu huishia kusema kwamba maskini walikuwa na furaha, na neno hilo limewafaa sana wenye nyumba za kupangisha kila mahali.

Lakini picha ina hatari yake ya pekee, kwa kuwa yaonekana kama haiwezi kusema uongo. Ukumbukwe mkasa wa Thomas Barnardo, aliyefungua makao ya watoto maskini huko Stepney, London. Kuanzia miaka ya 1870 aliwapiga picha watoto walipopokewa, na picha nyingine zikauzwa mbili mbili ili kupata fedha za kuwalisha: ya kwanza mtoto mchafu mwenye matambara, ya pili mtoto yule yule safi akifanya kazi. Mwaka 1877 shauri lilifika mbele ya waamuzi, ikabainika kwamba baadhi ya picha zilipangwa, watoto wakaonyeshwa katika hali duni kuliko ile waliyokuja nayo. Waamuzi walilaumu desturi hiyo. Yafaa tukumbuke kwamba nia ilikuwa njema na chakula kilikuwa cha kweli. Ila mtoto alifanywa aseme kwa mwili wake jambo ambalo halikuwa kweli, wala hakuwa na uwezo wa kukataa. Twasema wazi kwamba hata sadaka haina ruhusa ya kufanya hivyo.

Turudi York, kwa mama wa mlangoni. Tuseme mjukuu mmoja, baada ya kutafuta sana, amemtambua. Atathibitishaje? Hapa mambo ya nchi ile yamekaa kwa namna ya ajabu. Serikali ya Uingereza hufunga karatasi za hesabu ya watu kwa miaka 100. Za mwaka 1921 zilifunguliwa Januari 2022. Za mwaka 1931, ambazo zingetaja kila mtu wa Hungate katika nyumba yake muda mfupi kabla ya kubomolewa, ziliteketea kwa moto mwezi Desemba 1942. Mwaka 1941 hesabu haikufanywa kwa sababu ya vita. Limebaki daftari la Septemba 1939, lililoandikwa kwa haja ya vita hiyo hiyo, wakati watu wa Hungate walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Ndiyo kusema, kwa watu wengi wa mtaa ule, picha ya mkaguzi imekuwa miongoni mwa mashahidi wachache waliosalia wa miaka yao ya mwisho pale.

Wengine watapata msaada katika vitabu vya kanisa. Ng'ambo ya mto, upande wa Walmgate, waliishi Waayalandi wengi Wakatoliki waliokimbia njaa kuu, na kanisa la Mtakatifu George lilifunguliwa kwa ajili yao mwaka 1850. Mwandishi wa serikali aliyepita na daftari la hesabu mara nyingi aliandika jina la mgeni kama alivyolisikia, na mahali alipozaliwa akaandika "Ayalandi" tu, kama kwamba nchi nzima ni kijiji kimoja. Kitabu cha ubatizo humtaja mtoto, wazazi, na wasimamizi pia. Na msimamizi mara nyingi alikuwa jirani wa ua ule ule. Kwa njia hiyo mtu asiye na kitu aliandikwa pamoja na wenziwe, si peke yake.

Lakini vitabu hivyo hivyo hutoa na siri. Tangu sheria ya mwaka 1874, baba asiye na ndoa hakuweza kuandikwa katika cheti cha kuzaliwa ila kwa ombi lake pamoja na la mama. Mahali pa baba pakabaki patupu. Mjukuu aliyeanza na picha ya mlangoni anafika mahali patupu. Labda afika na kwenye daftari la nyumba ya maskini, ambako bibi alijifungulia mwana asiyetajwa na mtu nyumbani. Afanyeje? Airudishe picha mahali pa hadhara na kuandika chini yake yote aliyoyapata?

Watu wawili watamshauri. Wa kwanza atasema, wafu hawana masikio, na ukweli ni ukweli. Huyu hatuwezi kumfuata. Sisi tunaozika kwa heshima na kuwaombea marehemu kwa majina yao hatuamini kwamba haki ya mtu juu ya jina lake jema huzikwa pamoja naye. Kumsengenya aliye kaburini ni vibaya zaidi, maana hawezi kujibu. Wa pili atasema, basi funika yote, hata Hungate yenyewe, bibi alijitahidi sana kutoka huko. Huyu nia yake ni ya upole, lakini anachanganya mambo mawili. Umaskini haukuwa kosa la bibi. Anayeuficha kama kosa anawakubalia wale waliomhukumu. Jina lake na mlango wake na arudishiwe mchana kweupe, tena na wale wasimamizi na majirani wote wanaoweza kutambuliwa.

Mahali patupu pa baba ni habari nyingine. Hapo twaona kwamba mwenye haki ya kujua ni yule ambaye maisha yake yametoka katika siri hiyo: mtoto, na watoto wa mtoto. Wakiuliza wajibiwe bila kupunguza wala kupamba. Mtaa mzima hauna haki hiyo. Wala miaka 100 ya serikali haitoshi kuwa kipimo cha dhamiri. Ni kipimo cha kabati. Ziko familia ambazo siri ilikwisha uchungu wake baada ya miaka thelathini, na ziko ambazo bado inauma kwa mtoto wa mjukuu. Anayeshika karatasi hana budi kwanza kubisha hodi kwa jamaa zake walio hai, hata kama sheria haimdai.

Je, wale wasiotambuliwa kamwe? Ndio wengi. Kuanzia mwaka 2006 wataalamu wa mambo ya kale waliichimba Hungate kabla ya majumba mapya ya ghorofa kujengwa juu yake, wakakuta misingi ya zile nyumba ndogo, sakafu zake, na vyoo vile vile vya uani vilivyoonekana katika picha za Idara. Kila ukuta uliweza kupimwa na kupewa mahali pake katika ramani. Mama mwenye aproni angali amesimama mlangoni, akimngoja yule bwana wa halmashauri amalize kazi yake, apate kurudi jikoni.