Tafakuri ya Ramadhani, siku ya 19: Gemu ina maisha matatu, wewe una umri mmoja



Juzi baada ya darsa ya alasiri baba mmoja aliniuliza swali. Nimeona nilijibu hapa, kwa sababu wengi wetu tunalo majumbani. Alisema: "Ustadh, kijana wangu anafunga vizuri tu. Lakini tukitoka tarawehe anashika simu, anacheza gemu mpaka daku. Akishakula analala, alfajiri inampita. Nimnyang'anye simu?"

Nikamuuliza: "Na wewe saa hizo unafanya nini?" Akacheka. Akasema anahangaika na simu yake, imejaa, haipokei picha wala meseji za sauti, basi anakesha kufuta hiki na kile.

Haya. Nyumba moja, usiku mmoja wa Ramadhani: baba kanuna na simu, mtoto kafurahi na simu, msahafu uko juu ya kabati. Leo tuzungumze na wote wawili.

*Tuanze na baba.* Simu hizi zinaudhi, tusidanganyane. Bando linakwisha hujui limekwendaje. Programu zinataka kuapdetiwa, ukiapdeti simu inakuwa nzito. Zamani betri ikichoka ulifungua mfuniko, ukapachika nyingine, maisha yakaendelea. Siku hizi simu nyingi zimefungwa kwa gundi, mpaka uende kwa fundi. Kuudhika ni ubinadamu.

Lakini wewe umefunga. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa saumu ni ngao, na kwamba mtu akitugombeza au akitutukana tuseme tumefunga. Sasa kama binadamu mwenye ulimi tumeambiwa tusirudishiane naye, itakuwaje tutukane kipande cha kioo? Na hasira ile haiishii kwenye kioo. Mama watoto akiuliza jambo dogo anajibiwa kwa ukali. Mtoto akiita "Baba", anafokewa. Simu imeganda yenyewe, wanaolipa ni watu wa nyumbani.

*Tuje kwa kijana.* Sikwambii mchezo ni haramu kwa kuwa ni mchezo. Siku ya Idi Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini, na Mtume (s.a.w.) akamsitiri Bi Aisha huku akitazama mpaka akatosheka. Yeye mwenyewe alishindana mbio na Bi Aisha. Dini yetu ina nafasi ya kupumzisha moyo. Wazee wetu wana bao, vijana wana keram, hakuna aliyewafukuza barazani.

Hebu wazazi tujiulize, gemu inampa nini huyu mtoto? Inamlipa jasho lake papo hapo. Inamwonyesha alipofika: hatua ya 5, bado kidogo aingie ya 6. Akikosea hatukanwi, anaambiwa jaribu tena. Akishinda anasifiwa. Wapo watoto ambao chuoni wakikosea herufi moja wanachapwa, na nyumbani wamefunga siku 18 hakuna aliyewaambia "hongera mwanangu". Mtoto anakwenda anakopokelewa.

Lakini kijana wangu, wewe nawe yajue haya.

*La kwanza, gemu haina adhana.* Bao likiisha watu huondoka. Keram ikifika magharibi hufunikwa. Gemu nyingi za simu zimetengenezwa zisiishe: ingia leo upate zawadi, usipoingia kesho umepoteza. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022. Dalili zake: mtu anashindwa kujizuia, gemu inatangulia mambo yake mengine yote, na anaendelea hata akiona madhara. Wazazi msikimbilie kumwita kila mtoto mgonjwa, maana huwa ni hali ya muda mrefu, kwa kawaida mwaka au zaidi. Ila ukiona swala imeanza kusubiri gemu iishe, shtuka mapema.

*La pili, tazama pesa.* Zipo gemu zinazouza masanduku: unalipa kwanza, hujui ndani kuna nini. Pengine utapata silaha nzuri au mchezaji hodari, pengine utapata takataka. Hiyo inafanana sana na kamari, na kamari tunaijua hukumu yake. Ubelgiji si nchi ya Kiislamu, lakini mwaka 2018 mamlaka yao ya kamari ilisema masanduku ya namna hiyo katika baadhi ya gemu yanavunja sheria zao. Mzazi, namba ya siri ya pesa zako za simu usimpe mtoto.

*La tatu, na ndilo kubwa.* Kwenye gemu ukifa unarudi. Una maisha matatu, yakiisha unangoja kidogo unapewa mengine. Huku kwetu tumepewa umri mmoja. Mtume (s.a.w.) ametuambia kuna neema mbili ambazo watu wengi wanapunjika: afya na wasaa. Kijana wa miaka 16 aliyetoka tarawehe anazo zote mbili mkononi. Ramadhani hii ikipita, hakuna pa kubonyeza irudi.

Na wewe uwezo unao! Anayeingia kwenye gemu kila siku asipoteze zawadi ameshajifunza kudumu. Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa amali zinazopendeza zaidi kwa Allah ni zile zinazodumu, hata zikiwa chache. Basi hamishia huku. Kurasa mbili za Qur'ani kila usiku, usikatishe.

*Sasa jibu la yule baba.* Usimnyang'anye. Ukimnyang'anya huku yako umeishika, umemfundisha ubabe tu. Fanya hivi:

1. Usiku wa leo mkitoka tarawehe, simu zote ziwekwe kwenye chaji sebuleni. Yako iwe ya kwanza.
2. Kaa naye, asome wewe usikilize. Kama kusoma kunakupa taabu, yeye akufundishe. Akikosea, mwambie jaribu tena.
3. Kubalianeni muda wa kucheza, na usiwe wa usiku. Siku ya Idi kaa ucheze naye, akufunge mabao atakayo.
4. Alfajiri mwende msikitini pamoja.

Kesho magharibi, In shaa Allah, tunaingia kumi la mwisho. Ndani yake kuna usiku mmoja unaozidi miezi 1,000, yaani miaka 83 na ushei. Usitukute tunafuta picha, wala usitukute tunavuka hatua ya 40.

Ewe Mola wetu, tulainishie nyoyo zetu kwa watoto wetu, na ulainishe nyoyo zao kwa dini yako. Tubarikie wakati wetu, utukubalie saumu na visimamo vyetu, na utufikishe Laylatul Qadr tukiwa macho. Aamin.

Mtumie mwenzio, kisha weka simu chini ukamwangalie mwanao.